Kibali cha Kupima Kaa na Kamba Kochi: Mvuvi Anaporuhusiwa Kushika Kilichokatazwa

Leo mahindi na kahawa vitusubiri kidogo. Tunashuka ziwani, halafu tunafika mpaka baharini, na najua tayari kuna mtu anasema: Bwana shamba, sisi huku juu tunahusika nini na wavuvi?

Tunahusika sana. Kata yetu haina mwalo hata mmoja, lakini kila anayefuga kuku wa mayai hapa anategemea dagaa wa Ziwa Victoria kwenye chakula cha kuku. Wakiadimika Musoma au Sota, mfugaji wa Kegonga anajua kabla hata redio haijasema, kwa sababu muuzaji wake anapandisha bei ya debe papo hapo. Wenye mabwawa ya sato ni hivyohivyo, chakula cha samaki nacho kina dagaa ndani. Na wako vijana wetu ambao wakishauza mahindi hupeleka hela Rorya, wananunua hisa kwenye mtumbwi na nyavu. Huo nao ni mtaji wa Nyanungu ulioko majini.

Sasa, kikundi kimoja cha wafuga kuku kiliniuliza hivi karibuni, tukiwa tunachanganya chakula kwa koleo: "Bwana shamba, hawa wanaosema samaki wamepungua, walizama wakawahesabu?" Tulicheka wote. Lakini swali ni zito. Kwa hesabu hiyo ndipo nyavu fulani zinapigwa marufuku, msimu unafungwa, kipimo cha samaki kinabadilishwa. Mtu ambaye mtaji wake unaweza kuyumba kwa sababu ya namba ana haki ya kujua namba hiyo imetoka wapi.

Mnadani huoni ndama

Hakuna anayezama. Kwenye Ziwa Victoria, nchi tatu zinafanya kazi hiyo pamoja chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lililoanzishwa 1994 na kuwekwa makao yake Jinja, Uganda. Upande wetu watafiti ni TAFIRI, ambao wana kituo Mwanza na kituo kidogo hapo Sota, Rorya, si mbali na sisi. Njia zao kubwa ni tatu. Kuna meli inayopita na chombo kinachotuma mlio ndani ya maji na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki. Kuna sensa ya wavuvi, mitumbwi, injini na nyavu, ambayo ilianza mwaka 2000 kwa mpango wa kurudiwa kila baada ya miaka miwili. Na kuna upimaji wa samaki wanaoletwa mwaloni, ambapo vikundi vya BMU, yaani wavuvi wenyewe, vinasaidia kuandika kilo ngapi, za aina gani, kwa zana gani.

Njia hii ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo yenye tundu. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi. Kwa hiyo aliyevua mdogo hatamleta mbele ya mwenye daftari mchana kweupe. Atamrudisha majini, au atamla, au atamuuza gizani. Kwa vyovyote daftari halimuoni.

Ni kama mimi nikadirie ng'ombe wote wa Nyanungu kwa kusimama mnadani. Nitaona madume yaliyonona na majike yaliyozeeka. Ndama sitawaona. Mitamba yenye mimba sitaiona, maana nani anauza mtamba wenye mimba kama hana shida? Halafu niandike ripoti kwamba kata hii haina ndama! Wanaonipa picha ya miaka mitatu ijayo ndio hasa ambao hawafiki sokoni.

Basi ukitaka kumjua samaki mdogo na samaki mwenye mayai, lazima umfuate kule aliko, umshike, umpime. Na kumshika ndiko kulikokatazwa. Hapo ndipo kinapoingia kibali maalumu.

Huku kwetu jambo hili halipaswi kuwa geni. Tunaishi na mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Ng'ombe havuki bikoni, wala mwenye ng'ombe. Lakini mtafiti mwenye karatasi yake anapita na gari mchana, anamchoma simba sindano ya usingizi, anampima meno, anaondoka. Sheria haijavunjwa. Imefunguliwa kidogo, kwa mtu fulani, kwa kazi fulani, kwa muda fulani.

Tofauti ya habari ninayowaletea leo ni kwamba karatasi hiyo haikupewa mtafiti peke yake. Alipewa pia mvuvi wa kawaida, mwenye boti ya biashara, anayetafuta ada ya watoto.

Boti za biashara, kazi ya utafiti

Mfano uliokamilika zaidi ninaoufahamu uko mbali, jimbo la Rhode Island, pwani ya mashariki ya Marekani. Wavuvi wa huko wanatega kamba kochi. Wa kwao ni yule mwenye magando mawili makubwa kama koleo la fundi. Wa kwetu wa Bahari ya Hindi hana magando hayo, ana ndevu ndefu zenye miiba. Anategwa kwa sanduku la waya lenye chambo, linashushwa hadi chini na kuachwa huko siku kadhaa.

Bahari ya eneo hilo imepata joto, na kamba kochi wa upande wa kusini wa New England wamepungua vibaya. Tathmini iliyotolewa 2015 na tume ya pamoja ya majimbo ya pwani ya Atlantiki ilisema wazi kwamba hali imefika pabaya. Masharti yakaongezeka. Na wavuvi, kama wavuvi wa mahali popote, walikuwa wanasema: hizo takwimu zenu haziko sawa na tunachokiona sisi kila siku.

Kubishana kungeendelea mpaka leo. Ila mwaka 2013 taasisi moja ya wavuvi wenyewe, Commercial Fisheries Research Foundation, ilianzisha kikosi cha boti za biashara zinazopima kamba kochi zikiwa kazini. Mwaka uliofuata ikaongeza kaa.

Kaa huyu anaitwa Jonah, na habari yake inafanana na mambo tunayoyaona mashambani. Zamani alikuwa takataka ya mtego wa kamba kochi, anatupwa au anauzwa kwa bei ya hovyo. Kamba kochi walipopungua, wanunuzi wakamgeukia. Akawa zao. Lakini hakuna aliyekuwa amempima vya kutosha: anakomaa akiwa na ukubwa gani, jike anabeba mayai miezi ipi, anahama lini. Mpango wa pamoja wa kumsimamia ulipitishwa 2015, na ndipo kikawekwa kipimo cha chini cha upana wa gamba, inchi 4 na robo tatu, kama milimita 121 hivi. Soko lilikuwa limeshatangulia sana. Mnaokimbilia parachichi mwaka huu kwa sababu jirani amekimbilia, nadhani mmenielewa.

Sasa tuje kwenye kibali chenyewe. Sheria ya huko inasema usikae na kamba kochi mdogo ndani ya boti. Katika maeneo mengi ya jimbo hilo gamba la mgongo lazima lifike kama milimita 86. Usikae na jike mwenye mayai. Usikae na jike aliyekatwa alama ya V mkiani, maana alama hiyo wanaiweka wavuvi kuonyesha kwamba huyu ni mzazi, atakayemkuta amwachie. Na kila mtego lazima uwe na kidirisha cha kutokea wadogo.

Angalia ugumu wake. Unataka kujua wadogo wako wangapi, na mtego wako una dirisha la kuwatoa. Unataka kupima majike wenye mayai, na ukikutwa nao kwenye boti una kesi.

Kwa hiyo NOAA, mamlaka ya serikali inayosimamia uvuvi wa bahari kule, hutoa kibali cha kusamehewa baadhi ya masharti. Kinataja boti zipi, mitego mingapi, muda gani, na masharti yapi hasa yamelegezwa. Boti inaruhusiwa kuweka mitego michache isiyo na dirisha pamoja na ile ya biashara. Inaruhusiwa kukaa na mdogo na mwenye mayai kwa muda wa kumpima tu, kisha anarudishwa majini akiwa hai. Kumuuza hapana, kumpeleka nyumbani hapana. Maombi kabla ya kukubaliwa hutangazwa kwenye gazeti la serikali, na wananchi hupewa siku 15 za kutoa maoni. Hili la kutangaza nalipenda kuliko yote. Mvuvi wa boti ya jirani anajua mapema kwamba akimwona fulani ameshika kamba kochi mdogo, ana ruhusa, na anajua ruhusa hiyo inaishia wapi. Hakuna minong'ono ya "yule ana mtu wake juu."

Kazi yenyewe haina maajabu. Mvuvi anavuta mtego, anatoa kamba kochi, anampima gamba la mgongo kuanzia kwenye tundu la jicho hadi mwisho wa gamba kwa kipimo cha kubania cha kidijitali. Namba inaingia kwenye kishikwambi. Anabonyeza: dume au jike, ana mayai au hana, gamba gumu au laini, lina vidonda vya ugonjwa au halina, ana alama ya V au hana. Kina cha maji na mahali vinaingia. Kwenye mitego mingine wamefunga kipimajoto kinachoandika joto la chini kabisa, mahali ambapo setilaiti haioni. Kisha anamrudisha, anaendelea na biashara yake. Analipwa kidogo kwa muda wake, kwa vipindi vichache vya kupima kila mwezi.

Kwa nini isitumike meli ya serikali? Inatumika, ila inapita mara chache kwa mwaka, na wavu wake wa kukokota haufai kwenye miamba, na kamba kochi anapenda miamba. Boti ya biashara iko baharini masika na kipupwe, kwenye kina kirefu na kifupi, kwa sababu ndiko riziki iliko. Mafuta yameshalipwa na kamba kochi watakaouzwa. Kilichoongezeka ni dakika na uaminifu.

Takwimu hizo hazikubaki kabatini. Zimeingia kwenye tathmini za hali ya kamba kochi na za kaa Jonah, zile zinazotumika kuamua nani avue nini.

Penye mashaka

Msinielewe vibaya kwamba kila kitu ni safi. Mvuvi hategi mahali pasipo na kitu. Anakwenda penye samaki. Kwa hiyo daftari lake linaweza kuonyesha kapu limejaa mwaka hadi mwaka huku bahari inaisha. Samaki wamebaki kwenye kona moja tu, na yeye kona hiyo anaijua. Siku kona ikiisha, inaisha ghafla.

Ni kama mchungaji anayejua kisima kimoja kisichokauka. Ukimuuliza kama maji yapo, atasema yapo.

Ndiyo maana kule majimbo nako yana upimaji wao wa mitego isiyo na madirisha, kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, mvuvi apende asipende. Takwimu za boti ya biashara zinasomwa pamoja na hizo, na nyingine, na hakuna moja inayoachiwa kusema peke yake. Ukisikia mtu anataka kufungua au kufunga uvuvi kwa kutumia daftari la aina moja tu, muulize la pili liko wapi.

Shaka la pili ni tamaa. Ukishaniruhusu kukaa na jike mwenye mayai kwenye boti yangu, na mnunuzi yuko gati, nani ananiona? Hapo hakuna dawa ya miujiza. Boti inatajwa kwa jina, kibali kina mwisho, kinaweza kunyang'anywa, na wenzako wanajua kwamba ukiharibu wewe, kikosi kizima kinafungiwa. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko askari. Waliowahi kukopa kwenye vikundi vya kudhaminiana wanajua ninachosema.

Kwetu Afrika Mashariki

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka 2006 Kenya ilisimamisha meli za kukokota kamba kwenye ghuba ya Ungwana, kule Mto Tana na Mto Sabaki zinapoingia baharini. Meli zilikuwa zinagombana na wavuvi wadogo: zinapita juu ya nyavu zao, zinavua samaki wasiohitajika na kuwamwaga wakiwa wamekufa. Ilipofika wakati wa kuangalia kama uvuvi ufunguliwe, ilibidi mtu akokote wavu ili aone kilichopo. Mwaka 2011, ndani ya mradi wa uvuvi wa nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao Tanzania nayo ilikuwemo, watafiti walipanda meli ya biashara ya kukokota, wakapima kipindi cha kusi na kipindi cha kaskazi. Yaani chombo kilekile kilichokuwa kinalalamikiwa ndicho kilichobeba kipimo. Wavuvi wadogo wengine hawakufurahi, na mimi siwashangai. Lakini bila wavu ule ungejuaje wavu ule unaleta nini?

Tanzania nayo ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli za kukokota mwishoni mwa 2007, kwa sababu kamba walikuwa wamepungua. Kufunga ni uamuzi wa siku moja. Kujua lini ufungue ndiko kunahitaji miaka ya kupima, na upimaji bila chombo ni mazungumzo tu.

Ziwani kwetu hatuna kikosi cha mitumbwi chenye kibali cha namna ya Rhode Island ninachoweza kuwaonyesha. Tuna BMU zinazoandika mwaloni, na hiyo ni nusu ya safari. Maoni yangu, na ni yangu, si ya ofisi: ingefaa mitumbwi michache ya sangara na ya dagaa upande wa Mara iruhusiwe kupima kila kinachoingia wavuni, wadogo na wenye mayai wakiwemo, palepale ndani ya mtumbwi, chini ya TAFIRI, majina ya mitumbwi yakiwa yamebandikwa mwaloni ili kila mtu asome. Dagaa hasa. Ndiye anayeongoza kwa uzito wa samaki wote wanaovuliwa Victoria, anakua haraka, anakufa mapema, kwa hiyo hali yake inabadilika ndani ya mwaka mmoja. Takwimu za miaka miwili iliyopita kwa dagaa ni kama bei ya mahindi ya miaka miwili iliyopita.

Anayevutiwa ajue mlango uko wapi. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 pamoja na marekebisho yake. Ruhusa ya kufanya tofauti na kanuni kwa ajili ya utafiti inaanzia Idara ya Uvuvi, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na unafika huko kupitia afisa uvuvi wa wilaya pamoja na watafiti wenyewe. Haiuzwi mwaloni. Mtu akikufuata na karatasi yenye mhuri, anasema lipa laki mbili nyavu zako za macho madogo zitakuwa "za utafiti", mura, kimbia. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilikamata zana haramu na kuzichoma moto, na moto hausomi mhuri wa kughushi.

Hofu ya daftari

Nimeongea na wavuvi wa Sota na Kinesi mara kadhaa nikifuata dagaa. Nikiwaeleza habari hii, jibu linakuwa lilelile: "Nikiandika ukweli kwamba nimepata wadogo wengi, si ndiyo watanifungia?"

Hofu hiyo naijua, kwa sababu naikuta kwenu. Nikija na pikipiki na daftari la takwimu, mwenye ekari tano ananiambia mbili, anadhani nyuma yangu yuko mtoza ushuru. Msimu wa mbolea ya ruzuku ukifika, na tangu 2022/23 mbolea hiyo inahitaji mkulima awe amesajiliwa, mwenye ekari mbili ananiambia tano. Mzee mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Namheshimu. Lakini dozi za chanjo nitaomba za ng'ombe wangapi?

Matokeo yake tunayaona. Mifuko inakuja pungufu, au inakuja mbegu ya ukanda wa chini tukiwa ukanda wa juu, halafu tunalaumiana.

Kilichowafanya wavuvi wa kule wakubali, kwa ninavyoelewa, ni kwamba wao walikuwa wenye kazi. Taasisi inayokusanya takwimu ni ya wavuvi. Waliona kipimo chao kinatajwa kwenye tathmini, hata pale ambapo tathmini ilileta habari mbaya. Na habari mbaya ukiwa umeipima mwenyewe huwezi kusema wamekusingizia. Nadhani hapo ndipo BMU zetu, na hata vyama vyetu vya msingi vya kahawa, vina la kujifunza: mwenye kuandika arudishiwe alichoandika, kikiwa kimejumlishwa na cha wenzake, kwa lugha anayoielewa. Tunakusanya sana. Kurudisha tunarudisha kidogo mno.

Kama wewe una hisa kwenye mtumbwi na siku moja wakaja watafiti wa kweli kuomba ushirikiano, usikatae haraka na usikubali haraka. Uliza kibali kiko wapi na kinaisha lini. Uliza mtumbwi wako umetajwa kwa namba yake ya usajili au wanasema tu "wavuvi wa Rorya." Uliza nani anaruhusiwa kuona mahali unapovua, maana eneo lako ni siri ya biashara, na takwimu zinaweza kutolewa bila kutaja kona yako. Uliza samaki mdogo akifa mkononi wakati wa kupima, anaandikwaje na anakwenda wapi. Na uliza muda wako unalipwaje. Mtafiti makini hakasirikii maswali hayo, anakuja na majibu yameandikwa.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaenda kwenye la wiki hii. Mto Mara unapita bondeni chini yetu, unaingia kwenye vinamasi, unapita Kirumi, unamwaga ziwani Musoma. Udongo wa shamba lako lisilo na matuta unakwenda njia hiyohiyo, hadi kwenye maji ya pembeni yenye majani ambako samaki wadogo wanajificha. Watoto wetu wanaoinua mawe kwenye vijito kutafuta kaa wanaweza kukuambia ni kijito kipi kaa wamepotea. Nimewauliza shule mbili. Wananitajia vijito vilevile ambavyo juu yake watu wamelima hadi ukingoni, wakati sheria ya mazingira inataka uache mita 60 kutoka mtoni. Hao watoto hawana kibali wala kipimo, lakini ningependa mtu awape daftari.

Kwa wafuga kuku: jedwali la wiki hii

Nimeandaa jedwali la ukurasa mmoja. Lina safu ya tarehe, kilo za dagaa ulizonunua, bei, zimetoka mwalo gani, zina mchanga kiasi gani, na mayai uliyookota kwa siku. Mchanga upime hivi: chukua kikombe kimoja cha dagaa, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, mwaga taratibu, kisha kausha na pima kilichobaki chini. Andika pia kama mbalamwezi ilikuwa kubwa, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na wiki ya mbalamwezi huadimika. Mfugaji anayelijua hilo ananunua kabla.

Tunaanza na wafugaji kumi wa kata hii, kwa miezi sita. Majina hayatatoka. Kila mwisho wa mwezi nitajumlisha na kuwarudishia, tuone kwa pamoja ni mwalo upi unaotuuzia mchanga na ni wiki zipi tununue soya badala ya dagaa. Anayetaka kuingia aje ofisi ya kata siku ya gulio, asubuhi, na aje na mzani wake kama anao. Wangu unapima mwisho kilo tano.